Fainali Niliyoipanga Wakati wa Giza

Baraka, Alhamisi tarehe 23 Mei 1974

Mpendwa Mama Mshauri wa redio,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani kwako, na kama salamu zimefika, naomba unisaidie, maana tangu Jumatatu mji mzima wa Baraka unacheka na mimi nacheka pamoja nao, lakini nikifika kwangu kicheko kinaishia mlangoni, kwa sababu ndani kuna mtu amekaa kwenye kiti changu, anakula bugali wangu na kunishukuru, na mtu huyo nimemharibia maisha, na ni shemeji yangu.

Mimi ni karani kwenye ghala la pamba. Nilisoma sekondari miaka minne kwa mapadri, na tangu siku hizo naandika kila siku katika daftari langu: tarehe, mvua, wageni na matokeo ya mpira. Ni katibu wa klabu yetu, Radi ya Baraka, klabu ndogo isiyojulikana hata Uvira, yenye mipira miwili, mmoja umeshonwa na fundi viatu, na jezi kumi, kwa hiyo winga wetu Gasore huvaa shati lake la kanisani. Na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, mimi pia ni katibu wa komite ya Kombe la Kando ya Ziwa, la timu zote kutoka Swima mpaka Kazimia, na kila mwaka mimi ndiye ninayepanga tarehe za mechi. Hapo ndipo shetani aliponikuta, Mama, kalamu ikiwa mkononi.

Timu kubwa ya kando ya ziwa ni Mukeke ya Swima. Wachezaji wake wote ni wavuvi wa ndagala, wana mabega kama milango, na kwa miaka minne mfululizo walitufunga fainali, 3–0, 2–0, 4–1, na mwaka jana 5–0, siku ambayo prezida wa klabu yetu Bonaventure, muuza vitenge, aliondoka uwanjani wakati wa mapumziko akisema jino linamuuma. Mwezi wa pili mwaka huu nilikaa na madaftari yangu, nikaziandika mechi zote za Mukeke kwenye karatasi moja, nikaona jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona kwa sababu hakuna mwingine anayeandika. Unajua ndagala huvuliwa kwa taa, usiku wa giza, na mwezi ukiwa mkubwa samaki hawafuati taa, basi wavuvi hukaa nchi kavu, hushona nyavu, hulala kama watu wengine. Fainali zote tangu zamani zilichezwa wakati wa mbalamwezi, ndivyo walivyozoea wazee wa komite waliokuwa kabla yangu, bila kuandika popote, nami nilifuata tu bila kujua kwa nini. Na mechi chache ambazo Mukeke walipoteza, zote saba, Mama, zilikuwa za wakati wa giza.

Nikamwandikia komisere wa zoni, mkubwa wa serikali hapa kwetu, barua ya heshima, nikipendekeza fainali ya mwaka huu ichezwe Baraka, iipambe sikukuu ya chama, tarehe 20 Mei. Nilikuwa nimeshatazama kalenda ya misioni: mwezi mpya ungezaliwa tarehe 21. Komisere alifurahi. Watu wa Swima nao walisomewa tarehe wakapiga makofi, maana nani atasema sikukuu ya chama haimfai? Tena sikukuu inataka samaki, na samaki wa karamu yote walitoka Swima, kwa hiyo usiku wa kuamkia fainali mitumbwi yao yote ilikuwa ziwani mpaka asubuhi. Hilo la karamu sikulipanga, lakini sitakuficha kwamba nililifurahia.

Lazima nikueleze mechi, kwa sababu ilikuwa nzuri na siwezi kujizuia. Uwanja ulikuwa umefyekwa kwa salongo ya Jumamosi, ile kazi ya lazima ya mji mzima, wamama walicheza nyimbo za chama mpaka vumbi likatuficha, na watu wa milimani walishuka na fimbo zao kumtazama Gasore, ambaye ni wa kwao na huleta siagi sokoni kwetu. Saa tisa jua lilikuwa kali. Mukeke walicheza kama watu wanaotembea ndani ya maji, na hata hivyo walituzidi, robo saa nzima mpira ulikuwa mbele ya goli letu. Ndipo beki wetu mmoja alipoubutua mbali bila kuangalia, Gasore akaukimbilia peke yake, akapiga, na nisiseme ni shuti, ulikuwa mpira unaojiviringisha kama boga lililomponyoka mtu sokoni, hata kuku angeuzuia. Ukapita karibu na mguu wa kipa wa Mukeke, ukaingia taratibu. Kipa hakusogea. Alikuwa ameegemea mlingoti wa goli, mikono kifuani, amelala.

Tulidhani amekufa. Mwamuzi mwenyewe alikwenda kumgusa bega, kipa akafungua macho, akauliza, "Tulishafika?" Alidhani yuko mtumbwini.

Tulishinda 1–0. Hilo ni kombe la kwanza la Radi tangu izaliwe. Walinibeba mimi, karani ambaye sijawahi kupiga hata kona, kwa kuwa ndimi niliyeileta fainali Baraka, na Bonaventure alilivisha kombe kitenge kipya kama bibi arusi, na sasa limekaa dukani kwake na watu wanapanga mstari kulishika. Nilicheza ngoma mpaka viatu vikapasuka. Nimeyaandika haya yote katika daftari chini ya tarehe 20, ukurasa mzima, na sikuandika neno lolote kuhusu mwezi.

Mama, kipa yule ni Alphonse, kaka wa mke wangu Marthe. Jumanne watu wa Swima walifanya kikao. Walisema kipa ambaye shemeji yake ni katibu wa Radi hawezi kulala bure, ameuza mechi. Wamemtoa golini, na mwenye mitumbwi, Mzee Casimir, amemtoa mtumbwini pia, akasema, "Mutu mwenye kuuza goli leo, kesho atauza wavu." Alphonse ana watoto wanne na hajui kazi nyingine. Jana alifika kwetu.

"Shemeji," akaniambia, "mi sikuuza kitu. Mi nililala tu. We unanijua, mi niko mutu ya kulala-lala?"

"Hapana, shemeji."

"Basi ile iko ugonjwa. Asante umenipokea. Benye kunipokea sasa habako wengi. Kesho nitaenda kwa munganga anipime."

"Ugonjwa gani?" Marthe akasema. "Ulivua usiku muzima, mi nilikula ile samaki. Mutu mwenye kupanga mechi wakati ya giza, ule ndiye mugonjwa. Apimwe yeye."

Akamwongezea kaka yake sombe ya majani ya muhogo, wala hakunitazama, na mpaka sasa sijui kama hakunitazama kwa sababu anajua, au kwa sababu alikuwa anapakua sombe.

Leo asubuhi nilikwenda dukani kwa Bonaventure nikamwambia nataka kusema kweli.

"Kweli gani? We ulifunga goli?"

"Hapana, prezida."

"We ulimulaza yule usingizi?"

"Ni kama mimi."

"Katibu, kalenda haina miguu, haiyafunga goli hata siku moja. Angalia batu bale inje, banacheka. Miaka ine hawakucheka. We unataka kubaharibia? Basi ukisema, utatafuta klabu ingine ya kuandikia."

Sasa, Mama, nikisema, nitaivua Radi furaha yake ya kwanza, nitapoteza daftari la klabu ambalo nalipenda kuliko kazi yangu ya mshahara, na labda watasema nimeitia doa sikukuu. Nikinyamaza, shemeji yangu atabaki mwizi nyumbani mwangu, wakati mwizi wa kweli ndiye anayemkatia bugali. Niseme au ninyamaze? Majina niliyoandika ni ya ubatizo, ndiyo tunayoitana nyumbani, tafadhali usiyasome hewani, na langu sikuliandika kabisa.

Ni mimi,
Katibu mwenye furaha nusu

Mama Mshauri anajibu, Jumatano tarehe 29 Mei

Mwananchi Katibu, barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka fundi wa mitambo akaja kuniuliza kama niko mzima. Mara ya pili nilifikiria wale watoto wanne, na sikucheka.

Wewe una akili, na hiyo ndiyo shida yako. Ulichokigundua katika madaftari ni kitu cha maana, na ungekipeleka mbele ya komite wangekushukuru, kila timu ingejua kwa nini wazee walichagua mbalamwezi. Wewe ukakichukua ukakificha, kama mtu aliyeokota ufunguo wa nyumba ya jirani. Wazee wale hawakuwa na daftari, lakini walikuwa na haki: walitaka mtu ashindwe akiwa macho. Wewe una daftari, na ukurasa wa tarehe 20 umeuandika nusu. Umalize leo.

Usijifiche nyuma ya sikukuu. Sikukuu ilipita vizuri, samaki waliliwa, watu walicheza, na hakuna anayekudai neno juu ya hilo. Kupendekeza tarehe si kosa. Kosa ni kuona mtu anaitwa mwizi kwa kazi ya mkono wako, na wewe ukaendelea kucheza ngoma. Nakuonea huruma, kwa sababu najua miaka minne ya kufungwa inavyochoma, na klabu yenye jezi kumi kwa watu kumi na mmoja inastahili kufurahi. Lakini furaha inayomlipisha shemeji yako siyo ya kwenu.

Anza nyumbani. Mke wako anajua. Mwanamke anayesema "apimwe yeye" mbele ya mwenyewe, huyo hatafuti habari, anakupa nafasi ya kuongea kabla hajaongea yeye, na usipoitumia utakula sombe baridi mwaka mzima. Mwambie yeye na kaka yake pamoja. Usiombe msamaha kwa hotuba. Sema, "Nilipanga tarehe nikijua mtakuwa mmechoka." Halafu nyamaza, waache waseme wanayotaka.

Kisha nenda Swima, kwa miguu yako, usitume barua. Kalamu yako imefanya kazi ya kutosha mwaka huu. Nenda moja kwa moja kwa mwenye mitumbwi. Yeye ni mvuvi, ukimsomea tarehe za madaftari pamoja na mwezi ulivyokuwa, ataelewa kabla hujamaliza ukurasa wa kwanza. Mwombe amrudishe shemeji yako mtumbwini, kabla hujaomba lolote kuhusu goli, maana watoto hawali mpira. Akikutukana, pokea. Akikucheka, cheka naye, hiyo ni dalili nzuri.

Nayo mechi irudiwe. Mwezi utajaa Jumanne ijayo, tarehe 4. Chezeni Jumapili hii, tarehe 2, baada ya misa na ibada, kwao Swima, kombe likae mezani likiwa na kitenge chake, na atakayeshinda alichukue. Kipa awe yule yule. Mkifungwa tano, fungweni tano na mrudi mkiimba, mmeshazoea. Lakini sijui. Nyinyi mna winga anayekimbia peke yake nyuma ya mpira wa kubutua, na sijui kama kuna mtu amewahi kumwambia kwamba anaweza kufunga kipa aliye macho. Mpeni nafasi ajue.

Prezida wako anasema kalenda haina miguu. Mwambie Mama Mshauri amekubali, na kwa kuwa haina miguu, asiiogope ya mbalamwezi. Kuhusu kukufukuza, usipoteze usingizi. Klabu yenye mipira miwili haitapata karani mwingine wa kuiandikia bure. Na kuanzia mwaka ujao tarehe upange pamoja na mvuvi mmoja wa Swima, na pembeni ya kila tarehe muandike sababu yake, karani atakayekuja baada yako asije akagundua tena ulichogundua.

Umeniomba nisisome majina, na barua yako nimeisoma yote hewani bila majina. Lakini, ndugu yangu, umenipa ghala la pamba, umenipa kombe lenye kitenge, umenipa kipa aliyelala golini na mke wa kutoka Swima. Kuficha majina hapo ni kumfunika kiboko kwa sahani. Ulikuwa unauliza useme au unyamaze. Swali hilo limekwisha, nimekusemea mbele ya kila mwenye redio kutoka Bukavu mpaka Kazimia. Kitu kimoja tu ndicho bado kiko mkononi mwako, nacho ni kwamba watu wa Swima wakuone wewe kabla hawajamaliza kuulizana. Sasa ni saa nne na nusu asubuhi. Omba ruhusa ghalani, azima baiskeli, mpakie shemeji yako nyuma, na ukanyage.