Tangu Waliposafisha Mifereji ya Hewa, Nyumba Yetu Ina Nyayo

Mpendwa Bi Verna,

Naomba unisaidie kabla ya Jumatatu, na unisamehe mwandiko, naandikia juu ya usukani, nimeegesha gari nje ya duka la vyakula kwa sababu siku hizi nikiwa ndani ya nyumba yangu siwezi kupanga maneno mawili yakafuatana, kichwa kinanigonga kama kuna mtu anapigilia misumari kwa ndani, lakini nikishatoka nikakaa humu garini natulia, nakuwa mtu tena, na hilo nalo linaniogopesha kwa sababu naona kama nyumba yenyewe ndiyo hainitaki.

Jina langu ni Lorna, mume wangu ni Ray Koskela, anaendesha gari la kukwangua theluji hapa Thunder Bay, kwa hiyo msimu huu anashinda nje kutwa, na nyumba tunayoishi aliijenga baba yake, marehemu Eino, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi. Msimu uliopita mama mkwe wangu, Mama Aune, alichoka kukaa peke yake kwenye fleti akarudi kuishi nasi, tukampa chumba cha juu chenye dirisha zuri akakataa, akasema anataka kulala kule chini, kwenye ghorofa iliyo chini ya ardhi, karibu na sauna, chumba cha kuogea mvuke alichojengewa na mumewe, na nyuma ya ukuta wa chumba chake ndiko liliko tanuri la gesi linalotupashia nyumba joto. Wakati huo alikuwa na akili kunishinda mimi, ukicheza naye karata anajua una nini mkononi.

Baridi ilipoanza alinipigia simu mwanamke mwenye sauti tamu, akasema kampuni yao inasafisha mifereji ya hewa ya majumbani, ile ya mabati inayopeleka joto la tanuri vyumbani, kwa bei ya kutupa, wiki hiyo tu, nami nilikuwa nimeona vumbi kwenye matundu ya sakafuni, nikamwonea aibu mama mkwe, nikakubali bila kumwuliza Ray. Wakaja wanaume wawili na mashine isiyozidi ile ninayosafishia zulia, wakashuka chini, nikasikia wanaburuta bomba la mpira la mashine yao nyuma ya tanuri, mabati yanagongana, kahawa niliyowawekea haijapoa wakawa wamepanda na kunionyesha kwenye simu picha ya kitu cheusi chenye manyoya, wakasema, "Mama, hii kuvu ndiyo mnayovuta humu ndani, hii haiondoki bila dawa maalumu," na dawa yenyewe ilikuwa na bei ya gari bovu. Ray aliporudi alinifokea kwamba nimetapeliwa, na kwamba mtu wa mifereji asikanyage tena nyumbani kwake.

Sasa Bi Verna, tangu siku ile nyumba yetu si ile. Kile kidude cha kengele ya hatari kilicho kwenye korido, ambacho mimi hukijua kwa kulia nikiunguza samaki kilianza kulia hata nisipopika, Ray akasema kimezeeka, akakitoa betri akakitupia kwenye droo. Mbwa wetu, aliyekuwa akilala kwenye tundu la hewa ya moto, akahamia mlangoni, ukimvuta kushuka chini anang'ang'ania zulia kwa kucha. Madirisha yanatoka jasho. Na Mama Aune akaanza kumsikia marehemu.

Ilianza tukiwa mezani. Aliinua kichwa akasema kwa sauti ya kawaida, "Eino, vua viatu, Lorna amepiga deki." Ray akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Akamwambia, "Mama, baba amekufa."

"Najua amekufa, mimi ndiye niliyemzika," akamjibu. "Sasa mwambie avue viatu."

Baada ya hapo mambo yakaharibika kila siku, akatia chumvi kwenye kahawa, akasahau jina langu, akawa anasinzia na uji mdomoni, asubuhi anatapika, na daktari akasema ni uzee, tusubiri vipimo. Ajabu ni kwamba tulipokwenda Nipigon kwa dada yangu kula Krismasi, Mama Aune alikuwa mzima kabisa, akamla kila mtu karata, akawatania wajukuu, mimi nikawa namtazama nalia jikoni kwa furaha, lakini tuliporudi nyumbani hazikupita siku akawa ameanza tena kuzungumza na ukuta. Ray akasema, "Umeona? Akiwa na watu anachangamka. Anahitaji kukaa na wenzake." Akampatia nafasi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Jumatatu wanakuja kumchukua.

Na hapa ndipo penye aibu yangu, jambo ambalo sijamwambia mtu. Mimi pia nazisikia zile nyayo. Nilikuwa chini nakunja nguo, nikasikia viatu vizito vinashuka ngazi, kimoja, kingine, vikaja vikasimama nyuma yangu, na nilipogeuka hapakuwa na mtu ila tanuri linanguruma na mlango wa sauna uko wazi. Siku ya pili yake Mama Aune akasema mbele ya Ray, "Mwulizeni Lorna, naye amesikia." Ray akanigeukia, "Umesikia kitu, mke wangu?" Nikasema sijasikia kitu. Niliogopa nitapelekwa pamoja naye. Mama Aune alinitazama tu, Bi Verna, akasema taratibu, "Haya, mwanangu."

Yule mwanamke wa simu amenipigia tena, anasema kuvu ikishafika kwenye ubongo haina dawa, na kwamba familia nyingine waliyoionya ilipuuza. Nifanye nini? Niwaite wale watu kwa siri wamalize kazi yao? Nimwache mama aende, kisha nibaki peke yangu na hicho kinachotembea humo? Au ni mimi ndiye narukwa na akili? Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha. Usipige Ray akiwepo.

Lorna

*

Lorna,

Kwa kawaida mimi hujibu barua kwa zamu yake, na mwandishi husubiri gazeti kama watu wengine. Yako niliisoma Ijumaa asubuhi nimesimama, koti bado mwilini, na nilipofika kwenye habari ya kidude kilichotolewa betri nilikaa. Nilipofika kwenye habari ya Nipigon nilikuwa nimekwisha kuitafuta namba yako nyuma ya bahasha. Wewe unajua kilichofuata, lakini wasomaji hawajui, nawe umeniruhusu niwaambie, kwa hiyo nitakiandika chote hapa, na yale ya kukukaripia nitakukaripia hadharani.

Ulipokea simu baada ya muda mrefu. Sauti yako ilikuwa nzito kama ya mtu aliyeamshwa.

"Lorna, uko wapi?"

"Jikoni. Nani mwenzangu?"

"Verna wa gazetini. Mama Aune yuko wapi?"

"Chini. Amelala."

"Amepanda leo kunywa kahawa?"

Nikasikia unavuta kiti. "Leo hajapanda," ukasema. "Nilidhani... Bi Verna, sijui nilidhani nini. Naona nilisahau."

Nikakwambia toka nje sasa hivi, acha mlango wazi, mimi nawaita zimamoto. Ukanijibu kwamba nje baridi ni kali na kwamba huna nguvu za kubishana na mtu yeyote leo, ukalisema hilo kwa upole kabisa, kama mtu anayejitayarisha kulala. Sijawahi kusikia neno la upole likanitisha namna ile. Nikakupigia kelele. Mimi ni mwanamke mtu mzima, nina ofisi yenye kuta nyembamba, na nilikupigia kelele mpaka mhariri akaja kusimama mlangoni. Nikasema, "Lorna, hakuna marehemu humo. Ni gesi ya tanuri. Haina harufu wala rangi, inawaua nyote wawili mkiwa mmekaa. Toka."

Ukasema, "Na mama?"

Nikasema, "Zimamoto watamchukua. Wewe toka."

Nikasikia simu inawekwa juu ya meza. Kisha nikasikia nyayo zako, nazo hazikuelekea mlangoni. Zilishuka ngazi.

Mhariri aliwapigia zimamoto kwa simu yake, mimi nikabaki na ile yangu sikioni. Nilisikia jokofu lako likinguruma. Nilisikia mbwa anabweka kwa mbali, nje au mlangoni, sikuweza kujua. Nilikuita, nikakuita. Sitaki tena kusikiliza jikoni kwa mtu namna ile, patupu, na mwenyewe yuko chini.

Walipofika walikukuta katikati ya ngazi umekaa, umemkumbatia mama mkwe wako kwa nyuma, mikono yako imefungana kifuani pake, miguu yake ikiburuta. Ulikuwa umemvuta mpaka hapo ukaishiwa nguvu, lakini hukumwachia. Mmoja wao alinisimulia baadaye kwamba kipimo chao kilianza kulia tangu kizingitini, wakavaa barakoa za hewa kabla ya kuingia. Nyuma ya tanuri walikuta bomba la kutolea moshi limechomoka kwenye kiungo chake, limelala ubavuni, na chini yake sakafuni kuna alama ya mahali palipoburutwa mpira. Wale wanaume wawili walilichomoa wakati wa kuvuta mpira wao, na ama hawakuona ama hawakujali. Tangu hapo kila tanuri lilipowaka moshi wake ulikuwa unamwagika chumbani kwa Mama Aune, kisha mifereji ileile iliyosafishwa ikawasambazia na ninyi wa juu.

Kwa hiyo hukurukwa na akili, wala mama mkwe wako. Gesi ile, wataalamu huiita kaboni monoksaidi, ikikaa kichwani mtu husahau, hutapika, husinzia, na wengine husikia na kuona visivyokuwepo. Kule Nipigon Mama Aune hakuwa amepona kwa sababu ya wajukuu. Alikuwa anavuta hewa safi.

Mama Aune nilimkuta amewekewa oksijeni nilipokuja hospitali kuwaona. Alinipokea kama mgeni aliyekuja kwake, akaniomba radhi kwamba hana hata kipande cha mkate mtamu cha kunipa. Ray alikuwa amekaa pembeni na kofia mapajani. Mama Aune akamwambia, "Ray, mwanangu, hebu nieleze vizuri. Jumatatu nilikuwa naenda wapi?"

Ray akasema, "Mama, nilidhani nakusaidia."

"Ungenisaidia kwa kurudisha betri," akasema, kisha akamshika mkono, maana yule mwanamume alikuwa analia mpaka mabega yanatikisika.

Sasa tuje kwako. Kushuka ngazi nilikukataza, na hata leo nakukataza. Wengi wamekufa wawili badala ya mmoja kwa kurudi ndani kumtafuta mtu. Lakini madaktari wamesema mama yule asingefika adhuhuri, kwa hiyo kwenye hilo sina neno zaidi.

Neno ninalo kwa mengine. Ulimwogopa mumeo kuliko ulivyoiogopa sumu. Ulimwamini mwanamke wa simu kwa sababu sauti yake ni tamu, ukamnyima imani mwanamke unayekula naye meza moja. Mama Aune alisema kweli tupu, nawe ulikuwa shahidi wake pekee, ukasema hukusikia kitu. Nimeuliza, nawe umekiri kwamba mpaka sasa hujamwambia. Mwambie. Usingoje atoke hospitali, usimpelekee maua kwanza, wala usiseme ulikuwa unaumwa na kichwa. Mwambie ulisikia na ukakana, mbele ya Ray, kwa sababu mbele ya Ray ndipo ulipomkana. Ninavyomwona, anajua, na anakungoja.

Yule mwanamke wa simu usimpokee tena. Namba yake wape polisi. Kabla hamjarudi kulala katika nyumba ile, fundi mwenye leseni ya gesi alifunge lile bomba, alikague tanuri lote, naye Ray asimame hapo akitazama. Weka kidude cha kuonya gesi hiyo kila ghorofa, na kimoja karibu na kitanda cha mama, na kikilia, anayekigusa betri kabla watu hawajatoka nje alale barazani na mbwa.

Kuhusu mifereji yenyewe, wapo watu wa kweli wa kazi hiyo. Hawakupigii simu, unawatafuta wewe. Mashine yao ni kubwa kiasi cha kubaki nje kwenye gari, wanashinda kwako nusu ya siku, wanakuonyesha ndani ya mfereji wako mwenyewe kabla na baada, wala hawakutishi kwa picha ya nyumba ya mtu mwingine. Hawatibu ugonjwa, wanaondoa vumbi. Na wakishaondoka, shuka mwenyewe ukatazame kama kila kitu nyuma ya tanuri kiko kilivyokuwa.

Nanyi mnaosoma huku vichwa vinawauma na madirisha yanatoka jasho: barua ya Lorna ilikaa posta siku mbili wakati tanuri linawaka. Ukiona kwamba nyumbani unaumwa na nje unapona, usichukue kalamu kuniandikia. Amsha watu wako wote, tokeni, muwapigie simu zimamoto mkiwa kwa jirani.

Verna