Huyo Mama Amekufa

Jumanne, baada ya Magharibi

Na huyo mwandishi ni mjanja kweli. Mjukuu wangu Zuhura alikuwa akinisomea sura ya kwanza ya riwaya yao ya shule. Mvua kwenye mabati, jiko limezimika, kisha, "Mama alikuwa akipenda chai ya tangawizi."

Nikasema, "Huyo mama amekufa."

"Shosh! Bado hatujaambiwa."

"Hiyo 'alikuwa' imeshasema. Angekuwa hai wangeandika anapenda."

Akacheka. "Darasani hujaingia hata siku moja, na umenishinda! Mwalimu ametuuliza hivyo hivyo, vile lugha inaleta huzuni."

Akaandika jibu. Halafu akaweka kalamu chini.

"Lakini wewe husema mama yangu anapenda samaki. Anapenda, kila siku. Sasa mimi nimlilie na nani?"

Nikamfokea aende akaoshe vyombo. Mdomo wangu huu!

Rehema wangu, mama yake Zuhura, tulimzika mwaka jana. Ndiye aliyenifundisha herufi hizi, mezani hapa. Nilidhani nikikataa kusema "alikuwa" namlinda mtoto. Kumbe nilimwacha na msiba peke yake.

Tangu nianze kuandika anasugua sufuria moja tu. Acha niende nikalie naye.