Mahari Isiyotaka Kutimia

Kisangani, Jumapili

Mpendwa dada yangu, Yaya Bibiche,

Nakusalimu wewe, shemeji Hubert na watoto hapo Bafwasende. Homa ya yule mdogo imetulia? Sisi ni wazima, ila goti la Papa linalalamika kama kawaida yake.

Ulisikia kwamba orodha ya mahari yangu ilipelekwa kwa akina Thierry, lakini hukuona ilivyosomwa hapa kwanza. Mjomba wetu, Tonton Eugène, ambaye hata tangazo la kanisa humchosha kwenye mstari wa pili, aliimaliza yote amesimama, akacheka, akaanza upya. Alisema, "Bon, hii liste iko mutamu kupita gazeti." Nikajiuliza utamu huo unatoka wapi. Nadhani kila mtu hutafuta fungu lake: koko, bibi yetu, blanketi, tonton koti, shangazi kitenge. Akishaliona, anaendelea ili ajue mwenzake kapewa nini! Tena vitu vikipangwa kimoja kimoja, hata jambo zito kama kumtoa binti huonekana jepesi.

Aliyeumia ni Thierry. Alileta mbuzi, Papa akakumbuka mwavuli. Alileta mwavuli, Papa akaongeza taa ya mafuta. Baba yake Thierry akakasirika, akasema kikiongezwa kitu kingine atamtafutia mwanawe msichana wa Yanonge. Nililia sana, Yaya, na kwa siku kadhaa sikumsemesha Papa vizuri.

Kisha asubuhi moja nikamkuta na miwani yake, anaisoma tena nakala ya ile orodha. Nilimwuliza anatafuta nini humo. Alinijibu kwamba tangu Mama afariki, sauti anayoisikia nyumbani ni yangu tu, na kikibaki kitu kimoja hakijaletwa, bado mimi ni mtu wa nyumba hii.

Jana Thierry alileta taa. Papa aliikagua, akaiwasha, akaizima, akanigeukia na kuniuliza nyumbani kunakosekana nini tena. Birika letu limetoboka, Yaya, na sufuria kubwa haina mfuniko. Nilimwambia hakukosekani kitu. Alinitazama kidogo, akamwambia Thierry apange siku.

Harusi ni Jumamosi ijayo. Njoo mapema, na shemeji akikubali, ubaki na Papa sisi tukishaondoka.

Nikumbatilie watoto. Papa anakusalimu, ila hajui niliyokuandikia.

Mdogo wako akupendaye,
Emilie