Mtaa Uliokungoja, Mama Yuditha

Kopo linagonga ndoo gizani, mama, na mjukuu wako Gladys anageuka kitandani akidhani ni wewe. Ni mimi, Doris. Nachota maji ya kunyunyizia baraza kabla ya kufagia, kama ulivyonifundisha, ili vumbi lisiwarukie wapita njia. Ni mwaka mmoja sasa tangu ututoke, na kazi hiyo bado inanishinda. Namwaga mengi mno. Najua ungesema, "Doris, tunafagia au tunapanda mpunga?"

Duka lako la mbegu liko wazi. Akina mama wa Machame bado wanateremka siku za soko kuulizia maharage yako. Wengine wakifika mlangoni na kunikuta mimi, wanasema "Ah," kisha wanakaa kidogo kwenye benchi bila kununua kitu. Nawaacha wakae.

Ubao wako pia upo. Upande mmoja uliandika bei za mbegu, upande wa pili habari za mtaa. "Jumamosi tunazibua mtaro. Njoo na koleo lako. Chai ipo, visingizio hatutaki." Watu wengi waliuona huu mtaa wetu wa zamani, karibu na stesheni, kama kitu kinachosubiri kubomolewa tu: nguzo zimebabuka rangi, mabati yana kutu, maji machafu yanapita nyuma ya nyumba. Wewe uliuzungumzia kama mgonjwa ambaye bado anakula.

Mwanamke yeyote wa mtaa huu akijifungua, awe wa dini yoyote, awe wa kabila lolote, mtori wako wa ndizi na nyama ulimfika kabla ya ndugu zake. Na mimi nilipotaka kurudi kusoma masomo ya jioni nikiwa na mtoto mchanga, ulimfunga Gladys mgongoni ukaendelea kupima mbegu. "Nenda," uliniambia. "Huyu hana mtihani mwaka huu."

Nikupe habari, maana ndizo ungeuliza kwanza. Mtaro wa nyuma umefunikwa zege mwanzo hadi mwisho. Nguzo zimepakwa rangi, baada ya ugomvi wa wiki nzima kati ya waliotaka kijani na waliotaka maziwa. Maziwa ilishinda, na Sirili fundi viatu hadi leo anasema kura ziliibwa. Taa imewekwa pale kona, na wanawake wa masomo ya jioni tunapita bila kukimbia.

Yote hayo uliyahangaikia, na yote yamekuja ukiwa umeondoka. Hilo linaniuma. Ila lipo lililotuuma zaidi, na leo, katika kumbukumbu hii, familia inalisema mbele ya watu.

Kabla ya mazishi yako, majirani walituomba jambo moja. Walimtuma Sirili kwenye kikao cha familia kule Machame. Alisimama na kofia mkononi, akasema, "Tunaomba gari lipite mtaani tu. Hata lisizime. Tumuage." Baba mkubwa Ebenezeri, kaka wa marehemu baba, akamjibu, "Mjini mtu anakaa, kijana. Nyumbani ni mlimani." Hakuna aliyebisha. Wachaga tumezoea hivyo; hata Krismasi tunafunga milango ya mjini na kupanda. Hakuna aliyesema kwamba mama huyu aliingia mtaa huu akiwa bibi harusi, na kwamba sisi watoto wake tulijifunza kutembea kwenye baraza lile. Hata mimi sikusema. Siku yenyewe mawingu yalikuwa yameshuka, mchungaji alikuwa anasubiri, gari lililokubeba likashika barabara kuu likapanda moja kwa moja hadi kihambani, shamba la ukoo wetu.

Kumbe huku chini walikuwa wanakungoja. Sirili ndiye aliyenieleza, miezi baadaye, bila kuinua macho kutoka kwenye kiatu alichokuwa anashona.

"Tulifunga maduka, dada. Baraza tuliliosha mara mbili, mara ya pili ni baada ya paka wa Mektrida muuza vitambaa kupita na matope. Tukasimama na nguo za Jumapili siku ya Jumatano, wapita njia wakatuuliza harusi ni ya nani. Nilijua kikao kimekataa. Nikawaambia tungoje tu, labda dereva atakosea njia."

Tukangojwa hadi adhuhuri, mama, na hatukuja.

Hakuna aliyetulaumu. Walinisalimia, walininunulia mbegu, lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza mazishi yalikwendaje. Nilipoandika ubaoni siku ya usafi, walikuja watu watatu. Chai ikapoa. Ndipo nikaelewa kwamba watu uliowakusanya kwa miaka yote ile tunawapoteza, na ni kwa sababu ya barabara tuliyochagua.

Nilipanda Machame kumwambia Baba mkubwa. Alinisikiliza huku akimkatia ng'ombe majani, kisha akabeba mzigo wake akaingia zizini. Nikashuka nikijua nimekosa adabu.

Wiki iliyopita akashuka mwenyewe. Alivaa koti la kanisani, na mkononi alishika jani la isale lililopigwa fundo. Kwetu, anayeletewa jani hilo ameombwa msamaha, na halikataliwi. Sirili ni Mchaga wa Tarakea, analijua. Alifuta gundi mikononi, akasimama, akalipokea kwa mikono miwili. Kisha akamrudishia.

"Nimelipokea, mzee wangu. Ila siyo mimi peke yangu niliyesimama siku ile."

Basi Baba mkubwa, na magoti yake yale unayoyajua, akazunguka mlango kwa mlango na jani lile moja. Sirili alitangulia akiwaeleza wasiojua mila yetu: "Pokea kwanza, maswali baadaye. Ukilikataa hili, mzee atalala hapa hapa kwako." Kwa Mektrida wa vitambaa ilikuwa vigumu. Alilia, kisha akafoka.

"Mlikuwa na haraka ya kwenda wapi, baba? Yuditha alikuwa na haraka?"

"Hapana, mwanangu," Baba mkubwa akasema. "Haraka ilikuwa yetu."

Akalipokea.

Jumamosi hii tutaanza na ibada ya kumbukumbu kaburini kwako Machame, asubuhi. Kisha familia yote, na mchungaji, tutateremka hadi mtaani kwako. Majirani mnakaribishwa barazani mchana. Mtori upo, chai ipo. Makoleo mwache nyumbani.

Unakumbukwa na shemeji yako Ebenezeri, mwanao Julius na mkewe, mwanao Doris na mumewe Kornel, mjukuu wako Gladys, ukoo wote wa Machame, na safari hii, kwa haki yao, Sirili, Mektrida na majirani wote wa mtaa wa stesheni. Hatutaacha kukukumbuka, mama, mlimani na huku chini.

Kabla sijaweka kalamu, nikusimulie mlango wa mwisho. Ni wa kijana anayeuza makava ya simu, aliyehamia baada yako. Alimwamkia Baba mkubwa shikamoo, akalitazama jani, akauliza kwa adabu, "Samahani mzee, marehemu sikumfahamu. Alikuwa mtu wa wapi?"

Baba mkubwa akageuka kutazama mlimani. Gladys, aliyekuwa amemshika mkono tangu mlango wa kwanza, akamjibu yule kijana kwa sauti:

"Alikuwa wa hapa."