Pepo Aliyetaka Dirisha

Shoga, mbavu sina! Bi Thuraya kanisimulia leo asubuhi, kwa mdomo wake, yaliyomkuta Buguruni mwaka hamsini na nne, alipokuwa mwali kafungiwa ndani akingojea harusi.

Dirisha limekomewa asionekane, na jiko la mkaa humo humo, anafukizwa udi. Mara kichwa kinamgonga, kichefuchefu, miguu haina nguvu.

Mama yake, Bi Hamdiya, akasema kapandwa na pepo! Akaitwa fundi wa pepo, Mzee Muhdhar. Fundi akaagiza mkaa uongezwe. Uongezwe, shoga!

"Pepo, sema, unataka nini?"

Thuraya akajikakamua: "Nataka dirisha."

"Dirisha?"

"Dirisha! Lifungueni!"

Fundi akatikisa kichwa. "Hamdiya, huyu pepo wa Kizungu. Wazungu ndio wapendao upepo."

Hajamaliza kumsifu pepo wake, naye chini, chali! "Dirisha," ananong'ona. Fundi mzima!

Bi Hamdiya, na kizunguzungu chake, ndipo akazinduka: "Pepo gani anapanda watu kwa foleni? Ni mkaa huu!" Akalivunja dirisha kwa mchi, akawaburuta wote barazani.

Dresa wa zahanati akaja, akawapima. "Mkaa hauwashwi chumba kimefungwa. Hewa yake haina harufu, ingewaua kimya kimya. Mkeshe nao, mwangalie wanavyopumua."

Thuraya akalala pale pale barazani, mwali hadharani, mtaa mzima unamtazama. Fundi akakoroma.

Bi Hamdiya hakufumba jicho mpaka kesho yake mchana. Usingizi ulipomchukua, kiganja chake kilikuwa bado kifuani kwa mwanawe.