Msimamizi Asiyepumzika

Mama mdogo mpendwa,

Hili sijamwambia mtu: juzi nilimkuta mama akilia kwenye chumba cha mafaili. Kule kwa mawakili yeye ndiye msimamizi wa wafanyakazi. Akiona karani amechoka, humwambia, "Nenda kalale, kesi hazina miguu." Yeye mwenyewe hajapumzika tangu tumzike bibi. Aliponiona akasema ni vumbi tu.

Leo asubuhi alikaa kitandani, kiatu mkononi, akashindwa kukivaa. Nikampigia wakili mkuu, ingawa unajua ninavyoogopa simu.

"Mama haji leo, anaumwa."

"Sasa nani atatusimamia?"

Nikajibu sijui, nikakumbuka kumwamkia shikamoo, nikakata. Nikamtoa mama kiatu mkononi, nikafunga pazia, nikaketi karibu naye mpaka akalala.

Mwanao, yule wa vitabu