Dawa Kabla ya Chai

Katelembo, 3 Machi 2024

Kaka Musau,

Wazima huko Moshi? Goti lako limetulia? Huku mvua inanukia, ila mimi sina nguvu ya kushika jembe. Ile tezi ya koo bado imelala. Tangu Novemba nameza dawa kila siku, na damu ikipimwa bado ni mbaya. Nasikia baridi saa sita mchana. Nywele zinabaki kwenye kitana. Mwanangu Kilonzo amesema nikifika Agosti hivi, atauza ng'ombe anihamishie kwake Syokimau, ghorofa ya tano. Eti kwa muda tu.

Dadako, Kasyoka

Moshi, 19 Machi

Dada yangu,

Goti linalalamika, mwenyewe sijambo. Hilo neno "kwa muda" nalijua. Mimi nilikuja hapa kwa muda, mwaka wa sabini na nane. Hebu niandikie asubuhi yako, hatua kwa hatua, usifiche kitu.

Kakako

Katelembo, 6 Aprili

Mwalimu,

Salamu za mvua! Umestaafu lakini hujaacha kusahihisha watu. Haya, shika kalamu nyekundu. Nakamua ng'ombe. Napika chai ya maziwa, nakunywa na kiazi. Nikishiba, nameza dawa ya tezi pamoja na vidonge vya kalsiamu ambavyo jirani yangu Peris alininunulia sokoni Tala. Si Mama alitufunza dawa hainywewi tumbo tupu?

Dadako

Moshi, 20 Aprili

Kasyoka,

Salamu baadaye. Mama alisema kweli kwa dawa alizozijua. Hii hakuijua. Marehemu mke wangu aliimeza miaka tisa: tumbo tupu, maji matupu, na chai baada ya saa nzima. Maziwa na kalsiamu huizuia isiingie mwilini. Kalsiamu ipishane nayo kwa saa nne. Usiongeze hata kidonge kimoja. Mpelekee daktari barua hii.

Kakako

Katelembo, 11 Agosti

Kaka,

Hujambo? Mimi sijambo, na safari hii si salamu tu! Daktari alisoma barua yako, akasema nifanye hivyo hivyo. Damu ya Juni ilikuwa nzuri, ya Julai nzuri zaidi. Ile saa bila chai, kaka, ni ndefu kuliko mahubiri!

Jana Kilonzo alikuja na pikapu kubeba kitanda changu. Akanikuta shambani, jasho tele, nafunga magunia ya mbaazi.

"Mama, si ulisema huwezi?"

"Nilisema Machi. Shika gunia hilo."

Tulibeba sita. Kwenye la nne, yeye ndiye aliyekaa chini kupumua. Pikapu imerudi Syokimau imejaa mbaazi. Kitanda kiko palepale, na leo Jumapili nimekilalia mchana, kwa kupenda tu.

Dadako, Kasyoka